Sikumwambia Shangazi Umri wa Ile Ndege

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumlaumu. Mpaka leo nikisikia injini angani, naingia ndani na kufunga mlango. Acheni niutue mzigo huu.

Niliacha shule darasa la tano, lakini kusoma sikuacha. Hata gazeti lililofungiwa maandazi pale Kibiti nililinyoosha nikalisoma na mafuta yake. Humo ndimo nilimosoma kwamba ndege ni salama kuliko gari. Jamani, nilivyolibeba neno hilo! Nililitangaza kutoka Nyamwage hadi Maparoni kana kwamba mimi ndiye niliyehesabu ajali.

Ilikuwa miaka ile biashara huria ndiyo kwanza inaingia. Kampuni moja ikaleta kindege cha kuchukua kamba, hawa wa kuliwa, kutoka huku kwetu kwenye delta ya mto kwenda Dar, chenye viti vitatu vya abiria. Ubavuni wamebandika tangazo: "Hatujapoteza abiria hata mmoja."

Rubani akaniambia, "Niletee abiria, na wewe utapanda bure."

Nilikuwa na hamu ya kuiona dunia kutoka juu! Nikamuuliza wameanza lini. Akacheka. "Kesho kutwa tunatimiza wiki tatu."

Wiki tatu! Hilo nikalificha, nikaenda kutafuta abiria.

Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa na miadi ya kupasuliwa Dar, na alitaka kwenda kwa boti na basi.

"Hiyo ndege imeona masika mangapi?" akaniuliza. Kwetu ndivyo chombo kinavyoulizwa. Kisichopita masika hakipakii mzazi wa mtu.

"Shangazi, haijaua mtu hata mmoja!"

"Sikukuuliza imeua wangapi, we mzururaji. Nimekuuliza masika."

"Gazeti limeandika. Ni salama kuliko hilo basi lako."

Akanishika mkono. "Haya. Wewe ndiye macho yangu."

Wallahi, alisema hivyo.

Tulipaa asubuhi kweupe. Mvua ikatukuta juu ya mikoko. Injini ikakohoa, ikazima. Kimya kile! Upepo tu ukipiga mluzi, na shangazi akileta shahada, kucha zake zimezama mkononi mwangu. Nilijikojolea, sifichi. Injini ikashika, ikazima tena. Rubani akatubwaga kwenye majaruba ya mpunga, tukaburuzika mpaka bawa likang'oka.

Hakufa mtu. Tangazo lao likabaki kweli vilevile!

Nikalitafuta gazeti langu, nikalisoma upya. Kumbe walihesabu ndege kubwa za nchi za mbali, zinazotua kwenye lami. Kindege chetu hakikuwemo.

Shangazi alitoka na mikwaruzo tu, lakini hofu ilimkaa. Hakupanda tena chombo chochote, si ndege, si boti, si basi. Nilimpigia magoti aende hospitali, wapi. Miadi ikapita, na ya pili ikapita. Macho yakazima.

Siku moja namsomea gazeti barazani, akanikatiza.

"Mwanangu, hebu angalia hapo. Waliopofuka kwa ndege ile wameandikwa wangapi?"

Nilikunja gazeti.

Ndugu zangu, mkiambiwa chombo hakijaua mtu, ulizeni kimeona masika mangapi. Na mkishajibiwa, msimfiche anayewashika mkono.