Nilimwaga oil ya diff kabla ya kufungua nati ya juu, mtoto wangu akakosa plasta

"Mama Muuo, diff si chapati, eti unisimamie mpaka iive."

Hivyo ndivyo fundi Kioko aliniambia hiyo Jumanne, amelala kwa kiti cha gari ya mtu mwingine. Ilikuwa mara ya nne ananiambia nirudi kesho.

Nikanyoosha mkono. Lete ufunguo.

Akacheka. "Utaipeleka wapi?"

Nyumbani. Oil nitabadilisha mwenyewe.

Wakuu, hamjambo humu ndani. Sijaleta hadithi ya kuambiwa, hii imenipata mimi, na sehemu zenye zinaniaibisha sitaziruka. Niko cyber na mtoto mgongoni, kwa hivyo mkiona makosa ya spelling mnyamaze.

Niko Kitengela. Bwanangu anafanya kazi kwa shamba huko Entarara, anakuja mwisho wa mwezi. Tuko na pikapu kuukuu. Kwa wale hawajui, diff ni kile kichwa cha chuma kiko katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani kuna gia, na hizo gia zinaogelea kwa oil. Yetu ilikuwa imeanza kulia, ukiongeza mwendo ni kama umebeba mzinga wa nyuki.

Na kila service Kioko alikuwa ananiambia, "Hata ya diff nimeweka mpya."

Sasa mtoto. Muuo ana miezi mitatu, alizaliwa mguu wa kushoto umepinda ndani. Kila Jumatano tunaenda kliniki Kajiado, wanaunyoosha kidogo, wanafunga plasta mpya. Tulikuwa tumefika plasta ya nne na mguu ulikuwa umeanza kufanana na mwenzake.

Ningepanda gari ya abiria hiyo Jumatano. Najua. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu akiwa na hasira anataka kushinda, hataki kufika.

Nikanunua gear oil, nikaazima spana, nikaweka karai chini ya diff, nikalala kwa vumbi. Diff iko na nati mbili. Ya chini ni ya kumwaga, ya juu ni ya kujaza.

Jirani yangu Mama Halima, mwenye duka hapo kwa gate, alikuwa amenishikia Muuo. Bwanake ni dereva wa lori. Akainama akaniambia, "Dada, Baba Halima huanza na ile ya juu. Usipoifungua, utaweka wapi?"

Nikamjibu, "Wewe uza sukari."

Wakuu, nilisema hivyo. Kwa mtu amenibebea mtoto.

Nikafungua ya chini. Oil ikatoka nyeusi, inanuka kuungua. Nikafunga, nikaenda ya juu. Spana haishiki. Nikadhani ni matope. Nikapangusa na kitambaa cha mafuta taa.

Ilikuwa imechomelewa. Welding nzima, nati na diff zimekuwa kitu moja.

Nikampigia Kioko.

"Ah, hiyo ilikuwa inavuja mama, nikaifunga kabisa."

"Lini?"

"Kitambo. Mwaka jana hivi."

"Na hiyo oil mpya ulikuwa unaweka wapi?"

Akakata simu.

Mama Halima hakusema "si nilikuambia". Alinipa mtoto akaenda dukani kwake. Afadhali angenitusi.

Bwanangu akaniambia kwa simu, "Hiyo gari isitoke. Ngoja nikuje." Sikungoja. Juu ya ekseli kuna katundu ka kupumulia, kanaingia mpaka ndani ya diff. Nikachukua kale kabomba ka sindano ka kumpa Muuo dawa, nikaanza kusukuma oil hapo, tone kwa tone. Gear oil ni nzito kama asali. Mpaka jua linaingia sijui kama ilifika kikombe. Nikajiambia kidogo ni afadhali kuliko bure.

Si afadhali. Msidanganyike.

Jumatano asubuhi nikaloweka plasta kwa maji ya moto kidogo, nikaitoa, kama kliniki walivyotufundisha, ndio tufike mguu uko wazi. Tukatoka. Kufika Kisaju ile sauti ya nyuki ikageuka kuwa mawe. Harufu, moshi, halafu nyuma ikajifunga, pikapu ikasimama hapo hapo.

Na hapa ndipo nalia nikikumbuka. Magari ya Kajiado yalikuwa yanapita. Ningepunga mkono tu. Lakini niliogopa kuacha pikapu barabarani wezi wang'oe vitu, nikakaa nayo. Nikakaa zaidi ya saa mbili, nalinda chuma, mguu wa mtoto uko nje bila plasta.

Mwishowe lori ya mbuzi ikasimama. Mzee mmoja Msomali, mfanyabiashara wa mifugo, akatoa kichwa. "Mama, unangoja nini?"

"Gari yangu, mzee."

Akaangalia gari, akaangalia mtoto. "Hiyo ni chuma. Hata mbuzi huacha majani akisikia mtoto wake. Panda."

Tulifika Kajiado kliniki imeshafungwa, huwa ni ya asubuhi tu. Daktari wa miguu huja Jumatano tu. Wiki iliyofuata mguu ulikuwa umeanza kurudi ndani. Nesi akaushika, akaugeuza, kisha akasema, "Mama, turudi nyuma plasta mbili."

Muuo alilia sana siku hiyo. Mimi pia.

Kwa hivyo wakuu, anza na nati ya juu. Ikikataa, usiguse ya chini. Na mtu akikuambia amebadilisha oil, akuonyeshe, usimwamini kwa mdomo. Mama Halima nimemuomba msamaha, amenisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Kuna mtu mtoto wake alirudishwa nyuma hivi na bado akapona? Niambieni. Mafundi pia mseme, hata kunigombeza, sijali.

Leo nimepeleka malalamiko kwa chama cha mafundi hapa Kitengela. Mwenyekiti alisoma akaniambia nitoe sentensi ya kwanza, eti inaniharibia kesi. Nikakataa. Akagonga mhuri. Nimeandika hivi:

"Mimi ndiye nilimwaga oil kabla ya kufungua nati ya juu, na mimi ndiye niliendesha gari. Lakini fundi Kioko alichomelea hiyo nati, akaniambia mwaka mzima kwamba anaweka oil. Siombi gari nyingine. Naomba kuanzia leo, kila akiweka oil ya diff, amuite mwenye gari, alale chini naye, atie kidole kwa shimo la juu, akitoe kimelowa, mwenye gari akione."