Vijiji Sita, Herufi Sitini na Tatu

Chama cha mama yangu kina jina refu ajabu. Ni wanawake waliotoka vijiji sita vya Ukambani wakaishia kuwa majirani jijini, mtaa wa Mutuini, na jina la chama linavitaja vyote, kila kikao, bila kufupisha. Kuna mwaka katibu alisema "na vinginevyo" ili wawahi chai. Mwanachama mmoja aliinuka, akabeba sufuria yake ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, akarudi nayo kwake.

Kwa hiyo waliponiomba niwajengee tovuti, walitaka anwani yenye vijiji vyote sita. Mimi, fundi wa tovuti mwenye ofisi katikati ya jiji, nikajibu hakuna neno, na katibu akaandika hivyo kwenye kumbukumbu. Herufi nilizihesabu baadaye. Sabini na moja! Kikomo nilichokikumbuka ni sitini na tatu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumapili nikamweleza mama. Alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua kichwa.

"Si utoe tu yetu."

Chetu ni kijiji cha baba. Kina herufi nane, kwa hiyo hesabu ingekaa sawasawa. Tena kina mwanachama mmoja tu, yeye mwenyewe, na alijua hatasusa. Lakini baba amezikwa huko, na chama hicho ndicho kilichompeleka.

"Mum, hapana."

"Wewe, usiniletee maneno kwa chama. Toa."

Jumatatu nilikaa ofisini nikiwa na vijiji vitano kwenye skrini, vimebaki kulipiwa tu. Mkono ulikataa. Kwa ukaidi nikazifungua zile kanuni za majina ya mtandao, ambazo sikuwa nimezisoma tangu chuoni, nikazipitia mstari kwa mstari. Ndipo nikauona ujinga wangu. Sitini na tatu ni kikomo cha kila kipande kati ya nukta na nukta. Anwani nzima inaweza kufika herufi mia mbili hamsini na tatu. Nilishusha pumzi, kisha nikacheka peke yangu hadi jirani wa ofisi akagonga ukuta.

Nikanunua jina fupi, "majirani", nikaliweka nyuma. Mbele yake nikavipanga vijiji vyote sita, kila kimoja na nukta yake.

Kwenye kikao, katibu alivaa miwani akaikagua karatasi niliyochapisha anwani.

"Na hizi dot ni za nini?"

"Ni kama ukuta, Auntie. Kila kijiji kina nyumba yake."

Akaridhika, akampa mama aisome kwa sauti. Sikuwa nimemwambia lolote. Cha kwanza kabisa kilikuwa chetu. Alikitaja, akatafuta leso kwenye mkoba. Hakuna aliyemharakisha, hata chai ilipoanza kupoa.

"Dot," akasema hatimaye, na akaendelea na cha pili.