Kampaunda wa Taloda na swali alilosahau kuuliza

Saa tatu unusu asubuhi, benchi la nje ya zahanati ya Taloda, magharibi mwa India, limekwisha kujaa. Ndani, Sudhakar Khairnar amesimama mahali pake pa siku zote, kati ya meza ya daktari na kiti cha mgonjwa. Mkono mmoja ameuegemeza kwenye kabati la dawa. Mwingine umebana mfuko wa shati, maana simu iliyomo inatetemeka na yeye hataki kuipokea.

Mbele yake ameketi mama wa makamo aliyeshuka milima ya Satpuda tangu alfajiri. Anasema neno moja kwa Kipavri, lugha ya huko milimani, na kujigusa kati ya kifua na tumbo.

"Tumbo?" anauliza Daktari Nemade kwa Kimarathi, kalamu tayari mkononi.

"Ngoja kidogo, Daktari." Khairnar anamgeukia yule mama. "Dada, panakuuma ukishiba, au ukipanda mlima?"

"Nikipanda, kaka. Nikikaa panaacha. Na mkono huu unakuwa mzito kama si wangu."

"Si tumbo, Daktari. Apimwe moyo leo leo."

Neno alilotumia mama huyo linafanana na chembe cha moyo chetu. Linataja moyo, lakini mahali penyewe ni juu ya tumbo, na mgonjwa anaweza kumaanisha kimoja au kingine. Daktari Nemade, mtu wa jiji la Pune, amekaa Taloda miaka kumi na tisa na bado neno hilo linampiga chenga. Hana haya kulisema. "Mimi nina shahada," anasema, "masikio anayo Khairnar."

Kazi ya Khairnar inaitwa ukampaunda. Anafunga vidonge, anachoma sindano, anaosha vidonda na kupanga foleni. Hakusomea popote. Kipavri alikiokota utotoni, baba yake alipokuwa akiuza vitambaa kwenye magulio ya milimani. Kwa yote hayo analipwa rupia elfu kumi na sita kwa mwezi, na kikombe cha chai mara mbili kwa siku.

Simu inatetemeka tena. Safari hii anatoka uani kuipokea.

"Mzee wangu," inasema sauti changamfu, "leo ndiyo leo. Saa kumi jioni orodha inafungwa. Nimewashikia kiti kwa meno!"

Huyo ni Tushar, wakala wa mji wa Nandurbar anayepeleka vijana kusomea udaktari ng'ambo. Kiti anachokisema ni cha Mrunal, binti pekee wa Khairnar, katika chuo kimoja cha tiba huko Kirgizia.

Khairnar anakata simu na kubaki ameitazama. Wiki hii amepungua kilo mbili. Amejipima mwenyewe kwenye mizani ya zahanati. Usingizi hauji. "Nikifumba macho naona theluji," anasema, kisha anacheka kidogo, na kicheko chenyewe hakina furaha.

Mrunal ana miaka ishirini. Mtihani wa taifa wa kuingia udaktari ameufanya mara mbili. Mara zote amefaulu, lakini viti vya serikali vikaishia kwa waliomzidi. Vyuo vya binafsi vya hapa nchini vinataka zaidi ya laki themanini, fedha ambazo Khairnar asingezipata hata akichoma sindano hadi kiyama. Chuo cha Tushar kinataka laki ishirini na nne kwa miaka sita, malazi na chakula ndani. Kiwanja alichoachiwa na baba yake kando ya barabara iendayo mji wa Shahada kimepata mnunuzi. Basi hesabu imekaa sawa, na hapo ndipo penye hofu, kwa kuwa hakuna tena kisingizio cha kungoja.

"Mtoto akienda akaharibikiwa, nitamwambia nani?" anauliza. "Kiwanja ni udongo tu. Yeye akipoteza miaka sita, nani atamrudishia?"

Anajua anachokiogopa. Wanaosomea nje wakirudi India wanakabiliwa na mtihani mwingine kabla ya kuruhusiwa kutibu, na wengi huanguka. Nyuma ya mtaa wao yupo kijana aliyeanguka mara nne. Siku hizi anauza vifuniko vya simu, na mama yake bado anamwita "Daktari" mbele ya wageni.

Kwa hiyo familia hii haikukurupuka. Kwa miezi mitatu Sunanda, mke wa Khairnar, amekuwa na daftari la maswali ya kumuuliza wakala. Yako kumi na nane, yameandikwa kwa mwandiko wa duara. Hosteli ya wasichana ina mlango wake? Mlezi ni mwanamke? Baridi inafika kiasi gani, na sweta za kununua ni ngapi? Swali la kwanza kabisa, lililopigiwa mstari mara mbili, linahusu mesi. Chuo kina mesi ya Kihindi? Mpishi anatoka wapi? Sufuria ya wasiokula nyama inachanganywa na ya wanaokula?

Usicheke. Katika nyumba nyingi za huku chuo cha ng'ambo huchaguliwa hivyo hivyo, na mawakala wanalijua hilo. Kijitabu cha Tushar kina kurasa nane, tatu kati yake ni picha za chakula.

"Mtu mwenye njaa hasomi," anasema Sunanda, bila kutaka ubishi.

Saa saba mchana Khairnar anarudi nyumbani kula. Kuna mkate wa mtama, dengu na pilipili ya kutwangwa. Anamega, anarudisha. Mkewe anamtazama.

"Kula, baba Mrunal. Hata mtu aliyehukumiwa kunyongwa hupewa chakula kwanza."

"Usiseme hivyo, mama, mimi ndiye ninayekwenda," anadakia Mrunal. Yeye naye hali. Amekaa na simu mkononi akijaribu kumpata Ashlesha, binti wa mwalimu mmoja wa Dhadgaon ambaye yuko mwaka wa nne katika chuo hicho hicho. Tushar ndiye aliyetoa namba yake, kwa fahari.

Anapatikana. Uso wa mviringo unatokea kwenye kioo, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Sunanda anainyakua simu na kuanza na daftari lake. Mesi ipo, mpishi ni Mhindi wa Indore, na maharage ni kila Alhamisi.

"Shangazi, huku nimenenepa!" anasema Ashlesha. "Mwambie Mrunal aje na sketi za mpira kiunoni."

Sunanda anacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mrunal naye analegea mabega. Khairnar ananawa mikono kwenye ndoo, tayari kwenda benki kulipia kiti. Anapita mbele ya simu, na ili asionekane hana adabu, anauliza alichozoea kuuliza akikutana na mtu wa hospitali yoyote.

"Na wagonjwa wa huko, mwanangu? Wanaumwa nini zaidi?"

"Sijui, mjomba."

"Hujui vipi? Si uko wodini?"

"Wodini tunaingia. Lakini wanaongea Kikirgizi, wazee wengine Kirusi. Sisi tunasimama nyuma ya profesa. Mgonjwa anaeleza robo saa nzima, analia, anaonyesha huku na huku, kisha profesa anatugeukia: 'Moyo. Mbaya. Twendeni.' Basi, tunaandika." Anacheka. "Masomo ni ya Kiingereza, mjomba, hilo kweli. Ila wagonjwa hawajaambiwa."

Khairnar hacheki. Maji yanadondoka kutoka vidoleni mwake.

"Kwani hakuna kampaunda?"

"Hakuna nini?"

"Mtu wa kusimama katikati."

"Hakuna, mjomba. Lugha yao tulifundishwa mwaka wa kwanza, saa mbili kwa wiki. Nani alikwenda? Wenzetu wa chuo cha mji wa kusini ndio wanateseka, kila siku lugha, mpaka Jumamosi. Na mesi hawana, maskini. Wanapika wenyewe."

Simu inakatwa kwa mabusu na salamu.

Mganga hajigangi. Mtu huyu amesimama katikati ya daktari na mgonjwa kwa miaka kumi na tisa. Ameona kwa macho yake tumbo likigeuka kuwa moyo kwa sababu ya swali moja. Na katika maswali kumi na nane yaliyotoka nyumbani kwake, hakuna hata moja lililouliza binti yake atazungumza na wagonjwa kwa lugha gani.

"Sikuuliza," anasema, na kuketi sakafuni. "Mimi, Sunanda! Mimi sikuuliza."

"Sasa ndiyo unaanza?" Sunanda amepandisha sauti. "Miezi mitatu umekaa kimya, leo zimebaki saa tatu unaniletea lugha? Atajifunza huko huko! Watoto wa watu wote wanakwenda!"

"Wanakwenda. Wanarudi wakijua ini liko wapi. Mwenye ini akisema, hawamsikii."

"Na huo mji wa kusini, atakula nini? Theluji?"

Mrunal ameanza kutafuta kwenye simu. Chuo cha mji wa kusini kipo, kinafundisha kwa Kiingereza, kinatambuliwa, na gharama zimepishana kidogo tu. Hakina wakala. Mtu anaomba mwenyewe, anatuma vyeti mwenyewe, na anahojiwa kwa video. Zimebaki siku tisa kufunga, na nafasi za wageni ni chache. Akikosa, na kiti cha Tushar kimekwenda, mwaka umepotea. Utakuwa wa tatu.

"Mara ya tatu siwezi, baba," anasema taratibu. "Kweli siwezi. Watu wananiuliza sokoni."

Hapo Khairnar anafunika uso kwa taulo. Mwandishi wa makala haya amemfahamu miaka mingi na hajapata kumwona hivyo.

Saa tisa anampigia Tushar. Wakala hakosi jibu. "Mzee wangu, lugha ni kitu kidogo! Mchagua jembe si mkulima. Wewe unataka shahada au unataka mkalimani?"

"Mkalimani ni mimi," anasema Khairnar. "Nataka daktari."

"Basi saa kumi, mzee. Baada ya hapo usinilaumu."

Saa kumi inafika akiwa nyumbani, amekaa mlangoni, kitabu cha benki mapajani. Hainuki. Simu inalia, inanyamaza, inalia tena. Saa kumi na robo ujumbe unaingia: kiti kimechukuliwa na mtoto wa kutoka mji wa Dhule. Sunanda anausoma, anaurudisha, anaingia jikoni. Sauti ya masufuria inaeleza yaliyobaki.

Saa kumi na moja zahanati inafunguliwa kwa zamu ya jioni, na kazi haingoji mtu mwenye huzuni. Mrunal amemfuata baba yake, macho yamevimba. Hakuja kutembea. Amekuja kumuuliza daktari kama baba yake amerukwa na akili.

Daktari Nemade anasikiliza yote bila kuinua kichwa kutoka kwenye kitabu cha wagonjwa.

"Baba yako alipougua homa ya dengi, alilala siku kumi na moja," anasema mwishowe. "Siku hizo nilifunga zahanati. Watu walidhani namwonea huruma. Nilikuwa naogopa kuua mtu."

Kisha anaita mgonjwa wa kwanza.

Mrunal anabaki amesimama ukutani. Baada ya muda anamsogelea baba yake na kumnong'oneza. "Baba, mbona Kipavri hukunifundisha?"

Ni swali ambalo Khairnar hakulitegemea. Anakohoa. "Niliona ni lugha ya benchi la nje," anamjibu. "Nilitaka uwe na Kiingereza. Niliona haya, mwanangu."

Alipoulizwa na mwandishi sasa ana mpango gani, alihesabu kwa vidole. Usiku huu vyeti vipigwe picha. Kesho barua. Siku tisa. Huo mji wa kusini ukimkubali, Mrunal atafundishwa na mama yake kupika dengu, akitaka asitake. Ukimkataa, hajui. "Nina hofu mpaka mifupani," anasema. "Lakini natamani siku moja nipite wodini nimkute anaongea na mgonjwa, wawili tu, na mimi sina kazi pale."

Anaingia mzee mmoja, kilemba chekundu, mguu umefungwa kitambaa. Khairnar anamwinamia bintiye sikioni na kumpa maneno manne ya Kipavri, ya kuuliza mguu umepatwa na nini. Mrunal anayarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Anapiga hatua moja mbele na kuyasema.

Ameyasema vibaya. Mzee anaangua kicheko, anamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha anaanza kueleza. Anaeleza kwa kirefu, kwa kasi, akipiga goti lake, akionyesha mlimani, akionyesha mguu, mara sauti inashuka kana kwamba kuna jambo la aibu.

Mrunal hajashika hata neno. Anamgeukia baba yake.

Khairnar amesikia yote. Daktari ameshika kalamu, anamngoja. Kampaunda anatoka mahali pake pa siku zote, anarudi nyuma mpaka mgongo unagusa kabati la dawa.

"Muulize tena," anasema.