Karatasi ya Goti la Mama

Nina duka la dawa Garissa, na sifa yangu mjini ni ukali. Mteja akiniambia amekunywa vidonge alivyopewa na jirani, namfokea mpaka anasahau maumivu yake. Usimeze usichokijua! Lakini mganga hajigangi, na nyumba yake pia haigangi.

Mdogo wangu, anayefanya kazi za kompyuta Nairobi, alikuja kwa Idi. Siku ya pili asubuhi mama aliingia chumbani mwake kuchukua nguo za kufua, akakuta ndani ya kitabu kijikaratasi cha ukubwa wa stempu, kimejaa nyota na miduara ya rangi ya zafarani. Mama ana presha ya miaka mingi, na ana goti linalomliza. Kwetu goti likiishinda hospitali, shekhe huandika aya kwa zafarani, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Watu wa pwani huita kombe, sisi tahliil. Mama akaelewa papo hapo: mwanawe kamtafutia shekhe mkubwa Nairobi, sasa anaona haya kusema. Akaloweka karatasi kikombeni, akapiga bismillahi, akanywa mafunda matatu, na maji yaliyobaki akajipaka gotini.

Nilipoitwa kutoka dukani nilimkuta sebuleni amelikabili pazia, kakasirika kwelikweli.

"Namsalimia huyu mara ya tatu," aliniambia kwa Kisomali, "hajibu. Mtoto wa nani asiye na adabu hivi?"

Mdogo wangu alichungulia kikombe, akaona karatasi iliyolainika, akashika kichwa.

"Bro, wallahi hiyo ilikuwa yangu. Ni kitu ya kuona marangi tu. Beshte aliyenipa alisema haina noma."

"Inaitwaje?"

"Haina jina. Iko na herufi na namba."

Kitu chenye namba kama gari, na mama yangu kakinywa! Ningemzaba kofi, ila mkono mmoja ulimshika mama na wa pili mashine ya presha, na presha ilikuwa imepanda mahali ambapo sikutaka kupataja mbele yake. Niliogopa. Niliogopa kwamba mama atakufa, na mimi mwenye cheti ukutani nitakuwa nimesimama kando nikimpepea.

Tukampakia garini. Njiani nilimpigia mwenzangu niliyesoma naye, sasa yuko hospitali moja Nairobi, nikamsomea zile herufi na namba kutoka kwenye simu ya mdogo wangu. Akasema ni ya ukoo wa dawa za maabara zinazojitia kwenye kufuli zilezile za ubongo zinazofunguliwa na serotonini, kemikali ya ubongo wenyewe, lakini hizi hubana na mishipa ya damu pia. Kipimo chake ni kama vumbi, na hata muuzaji hajui ametia vumbi kiasi gani. Wapo waliopata degedege, wapo ambao hawakuamka. Utafiti wake mwingi ni wa panya. Ya binadamu tunayajua kwa wale wanaoletwa wamezidiwa.

"Na ukichanganya na vidonge vya presha?"

"Nani amepima hilo? Hakuna."

"Dawa ya kuizima?"

"Hakuna. Aliiweka chini ya ulimi au aliimeza?"

"Aliimeza, na maji."

Nikamsikia akishusha pumzi. Za ukoo huu zikimezwa, alisema, ini huharibu sehemu kubwa kabla hazijaingia kwenye damu. "Lakini usishangilie. Mfikishe hospitali."

Daktari wa zamu akauliza mgonjwa amekula nini. "Tahliil," mama akajibu kwa fahari. Akachomwa sindano ya kutuliza, presha ikawa inapimwa kila robo saa. Alipokiona chuma cha kutundikia dripu alimgeukia nesi, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Huyu mrefu nasimama tangu asubuhi. Leta yeye kiti, bas."

Nesi alicheka. Mimi sikuweza.

Baada ya alasiri presha ilianza kushuka, na kabla ya magharibi mama alikuwa anatujua wote na kudai chai. Ndipo mdogo wangu alipokiri kwa mama, kichwa chini, kwamba haikuwa tahliil. Mimi nilikuwa nimekwishaandaa mahubiri marefu, lakini mama alinitangulia.

"Karatasi ile ungeitumia wapi?"

"Chumbani kwangu, hooyo. Nairobi."

"Ungeinywa?"

"Hapana. Chini ya ulimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mimi nilikuwa na wanangu wawili, na daktari, na sindano," mama alisema, "na bado nilidhani nakufa. Wewe nani angekushika mkono?"

Mdogo wangu alilia kwa sauti, mwanamume wa miaka thelathini, wodi nzima ikimsikia. Mama akajivuta ukutani, akamwachia nafasi kitandani.