Mikono Iliyofungua Makufuli ya Arua

Dada yangu, binti wa baba mkubwa, aliletwa kwetu Koboko baada ya kumaliza kifungo cha kuvunja maduka ya Arua. Alikuwa hajafika hata miaka kumi na saba. Watu walisema anafungua kufuli lolote kwa spoku ya gurudumu la baiskeli, nami nilitamani mno kuona. Nilikuwa naichungulia mikono yake hata akimenya muhogo.

Siku moja mama aliangusha ufunguo wa kufuli la nyumba njiani akitoka sokoni Ludara. Mvua ilikuwa inakuja, na muhogo wote umeanikwa uani. Baba, mwenye ufunguo wa pili, alikuwa msikitini. Nikakimbia kuleta spoku.

"Fungua, mwanangu," mama akamwambia dada.

Dada akaficha mikono kwapani. "Mama mudogo, nikifungua leo, siku kitu itapotea mutaangalia nani?"

Hasira ilinipanda, mimi nilitaka kuona tu! Tukalowa sote, muhogo nao ukalowa, mpaka baba akarudi. Mama akachukua ufunguo wa baba, akafungua mlango. Baba akanyoosha mkono arudishiwe. Mama akampita, akamkabidhi dada.