Mhuri wa Baba

Leo ofisini Biharamulo karani amefungua wino wa mhuri, na ile harufu imenirudisha Nyarubungo, nikiwa mtoto.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kijiji miaka mingi. Watu walimchagua kwa kunyoosha mikono, naye akiwatazama. Nani angethubutu kuuacha mkono wake chini? Nisimpambe, alikuwa mkali. Halafu zikaja kura za siri, za sanduku, akashindwa na kijana fundi baiskeli.

Mama akamwambia, "Baba watoto, usiupeleke huo mhuri. Waje wauombe wenyewe."

Baba akaubeba hadi kwa fundi, nami nikamfuata. Mbele ya watu aliugonga kwanza kwenye kiganja chake, kama mwenye pombe ya ndizi anavyoionja kabla ya kumpa mgeni, kisha akautoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwenyekiti," fundi akasema.

"Marahaba. Ila mwenyekiti ni wewe."

Huenda mengine nayachanganya, lakini hili naliona: wiki iliyofuata baba alihitaji barua yenye mhuri wa kijiji. Alikaa kwenye benchi la fundi, nyuma ya watu wanne, akingoja zamu yake.