Breki Iko Kushoto

Hii stori ina mjinga mmoja tu, na ndiye anayekusimulia.

Kasulu nilikuwa bodaboda. Dallas nikawa mbeba maboksi: asubuhi treni, halafu ghala, jioni treni tena, kisha chumba chetu cha Vickery Meadow chenye dirisha linaloangalia ukuta. Miaka miwili sikushika usukani wowote ila wa toroli. Ndiyo maana nilipogundua gereji ya wazee wa Kizungu wanaofufua pikipiki za zamani za Uingereza, nikawa naenda kila Jumamosi kuwasafishia vipuri, nikiombea siku waniambie panda.

Siku ikafika. Mzee mwenye gereji akauliza, "Hizi za zamani unaziweza?"

"Mzee, mimi nimezaliwa juu ya pikipiki."

"Haya, zunguka mtaa mmoja. Ukirudi salama, mwezi ujao unaiendesha na sisi mpaka Houston."

Akaiwasha mwenyewe, akanitilia gia ya kwanza, nikaondoka. Kwenye kona nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia, kama binadamu. Kumbe hao Waingereza wa zamani waliweka gia kulia, breki kushoto! Pikipiki ikapanda gia, ikanichukua mpaka kwenye njia ya mgahawa wa kuku, ile ambayo watu wananunua wakiwa ndani ya magari. Breki ya mkono ikaniokoa, injini ikazima. Mbele gari, nyuma gari, kushoto ukuta, kulia ukingo wa saruji. Nimenasa.

Nikapiga kiki. Haiwaki, inasogea. Sikujua bado iko kwenye gia. Nikapiga tena, ikasogea tena. Gari la mbele likaondoka, kiki ya saba ikanifikisha dirisha la kuuzia, na muuzaji aliyekaa pale ni dada ninayeimba naye kwaya kanisani.

"Kaka, una-order ama ume-park?"

"Dada, nisaidie."

"Nikusaidie na nini, pilipili?"

Nyuma honi zinalia. Nikanunua kuku. Ningefanyaje?

Mzee akaja kwa miguu, taratibu, akanikuta nimekumbatia mfuko. Akaitoa kwenye gia kwa ncha ya kiatu, akapiga kiki moja tu, ikawaka. Nikajua Houston basi tena, nirudi kwa toroli langu.

Tukarudi gereji. Akala paja la kuku wangu, akapangusa mikono.

"Jumamosi utalifungua boksi la gia mwenyewe, uone ulichokanyaga. Ukilirudisha na pikipiki ikatembea, Houston unakuja. Ila breki nitaifunga kitambaa chekundu."